Je, mtoto husahau kusoma wakati wa likizo?

Shule zinapokaribia kufungwa, makundi ya WhatsApp ya wazazi huwaka moto. Mmoja anauliza kama mwalimu atatoa kazi za likizo. Mwingine analalamika kwamba za mara iliyopita zilikuwa chache, mtoto alizimaliza siku ya pili akabaki na rimoti ya televisheni. Wa tatu anaomba namba ya mwalimu wa tuisheni anayefuata watoto nyumbani. Wote wanaogopa kitu kimoja: mtoto akikaa wiki nne au sita bila darasa, kile kidogo alichokipata kitapotea, na shule zikifunguliwa ataanza upya.

Hofu hiyo haiko kwetu tu. Marekani, ambako shule hufungwa takriban wiki kumi kila majira ya joto, wamekuwa wakiichunguza tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kutoka huko zimetufikia sentensi fupi zinazozunguka mitandaoni bila mwenyewe: kwamba mtoto hupoteza miezi miwili ya masomo kila likizo, kwamba watoto maskini huachwa nyuma na likizo wala si na shule, kwamba likizo yenyewe ni mabaki ya zama za kilimo. Baadhi ya maneno hayo yana ukweli ndani yake, mengine yamechakaa, na moja halikuwa kweli tangu mwanzo. Mzazi wa Tandika au wa Kisumu anayetaka kujua afanye nini mtoto akifunga shule ana haki ya kuyachambua kabla hajatoa hela ya tuisheni.

Tuanze na lililo jepesi, la kilimo. Shamba lina kazi nyingi wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna. Katika karne ya 19 shule nyingi za vijijini Marekani zilifungwa vipindi hivyo, zikafundisha wakati wa baridi na wakati wa joto. Waliokuwa wakisoma karibu mwaka mzima ni watoto wa mijini, na miji ndiyo iliyoanza kufunga shule majira ya joto: madarasa yalikuwa hayakaliki, magonjwa yaliogopwa, na familia zenye uwezo zilikuwa zinahama mji kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo likizo ile ndefu ilipangwa kwa kuwafuata wenye pa kwenda. Wasio na pa kwenda walibaki mjini, na habari yao ndiyo iliyokuja kuwashughulisha watafiti.

Atlanta na Baltimore

Mwaka 1978 mwanasosholojia Barbara Heyns alichapisha matokeo ya kuwafuatilia karibu wanafunzi 3,000 wa darasa la sita na la saba katika mji wa Atlanta. Tafiti nyingi za wakati ule zilimpima mtoto mara moja kwa mwaka, kisha zikailaumu au kuisifu shule kwa chochote kilichoonekana. Heyns alitumia vipimo vya kabla ya kufunga na vya baada ya kufungua, akapata njia ya kutenganisha kazi ya shule na kazi ya nyumbani. Aliona kwamba pengo kati ya watoto wa familia zenye nacho na wasio nacho lilipanuka zaidi likizoni kuliko wakati wa masomo. Akaangalia pia watoto walifanya nini katika wiki zile. Kati ya shughuli zote alizozipima, kusoma vitabu ndiko kulikoendana na maendeleo bila kuyumba, kwa watoto wa kila hali. Na waliosoma zaidi mara nyingi walikuwa wale walioishi karibu na maktaba ya umma na kuitumia.

Miaka minne baadaye, mwaka 1982, Karl Alexander, Doris Entwisle na wenzao walianza kuwafuatilia watoto wapatao 790 wa darasa la kwanza katika shule 20 za umma za Baltimore. Hawakuwaachia, waliendelea nao hadi utu uzima. Mwaka 2007 walitoa hesabu iliyosafiri dunia nzima: kwamba karibu theluthi mbili ya pengo la kusoma lililokuwapo walipofika darasa la tisa lilitokana na likizo za miaka ya shule ya msingi. Maelezo yao waliyaita nadharia ya bomba. Wakati wa masomo bomba liko wazi kwa wote, likizoni linafungwa. Mkazi yeyote wa Dar es Salaam anaielewa bila kuchorewa: maji yakikatika mtaani, mwenye simtanki haoni tofauti.

Kati ya tafiti hizo mbili, mwaka 1996, Harris Cooper na wenzake walikusanya tafiti 39 za namna hii na kutafuta wastani. Walipata hasara ya kama mwezi mmoja, na hesabu ziliathirika kuliko kusoma. Ile miezi miwili inayotajwatajwa basi si ya masomo yote, na kwa kusoma picha ilikuwa imegawanyika: watoto wa familia za kipato cha kati walibaki pale pale au kupanda kidogo, wa familia maskini walishuka.

Hapo wengi huishia. Ila habari iliendelea.

Karatasi mbili tofauti

Mwaka 2019 Paul von Hippel, mtafiti wa Texas ambaye mwenyewe aliwahi kuiamini nadharia ya bomba, alirudi kwenye takwimu za Baltimore na kuzilinganisha na vipimo vipya zaidi. Akakuta mambo mawili yanayostahili kuelezwa polepole, maana yanamhusu kila anayepima watoto, hata mwalimu wa darasa la tatu mwenye chaki na rejista.

La kwanza ni karatasi ya mtihani. Mtoto wa Baltimore alipimwa mwisho wa mwaka kwa karatasi ya darasa la kwanza. Akarudi shuleni, sasa yuko darasa la pili, akapimwa kwa karatasi ya darasa la pili. Alama zikishuka, unajuaje ni kichwa cha mtoto kilichobadilika na si karatasi? Hujui. Sehemu ya kile kilichoitwa kusahau ilikuwa tofauti ya mitihani miwili.

La pili ni jinsi alama zilivyopangwa. Kipimo cha wakati ule kilitanua tofauti kati ya watoto kadiri walivyopanda madarasa, hata pale ambapo tofauti halisi haikukua kiasi hicho. Vipimo vya kisasa vimetengenezwa kwa namna ambayo maswali humfuata mtoto alipo, awe darasa lolote. Vilipotumika, pengo kubwa kati ya watoto wenye nacho na wasio nacho lilionekana lipo tayari siku wanapoingia chekechea, na baada ya hapo halikukua kama tulivyoambiwa. Vipimo hivyo vipya navyo havikubaliani vyenyewe kwa vyenyewe: kimoja kinaonesha watoto wanarudi nyuma likizoni, kingine kinaonesha wanasimama tu.

Kuna jambo ambalo pande zote zinakubaliana: likizoni watoto hujifunza polepole mno kuliko wakati wa masomo. Kwa wastani kasi inakufa au karibu kufa. Wanachobishania ni kama wanarudi nyuma, kwa kiasi gani, na kama maskini ndio wanaoumia zaidi. Kwangu mimi hilo linatosha kufanyia kazi. Mtoto aliyesimama wiki sita na mtoto aliyerudi nyuma hatua moja wote wanahitaji kitabu.

Anayeokoteza silabi na anayesoma tayari

Kuna tofauti moja ambayo mabishano ya Marekani huipita haraka, na kwetu ndiyo yenye uzito. Tafiti nyingi nilizozitaja zilihusu watoto wenye umri tofauti, wengi wao wakiwa katika shule zenye vitabu na walimu wa kutosha. Afrika Mashariki tuna watoto wengi walio kwenye hatua ya kwanza kabisa, wale ambao tathmini za Uwezo, zinazopima kusoma na kuhesabu kwa watoto, zimekuwa zikiwapata nyumbani kwao tangu mwaka 2010 au hata kabla: wapo darasa la tatu lakini hadithi ya kiwango cha darasa la pili inawashinda. Watafiti waliowapima watoto wa madarasa ya mwanzo Malawi, kabla na baada ya likizo ya kuvuka mwaka wa masomo, walikuta uwezo wa kusoma umeshuka. Matokeo yao yalitoka mwaka 2017.

Sababu yake inaonekana ukikaa kando ya mtoto wa namna hiyo. Mpe neno "hawajatusomea". Silabi saba. Ataanza: ha, wa, ja... atasimama, ataliangalia tena, tu, so... na akifika mwisho, mwanzo umeshampotea. Si mjinga. Nguvu yake yote imeishia kwenye kutambua herufi, hakubakiwa na ya kushika maana. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, na hiyo ni bahati kubwa kwa anayeanza, lakini maneno yetu ni marefu, yamebeba nafsi na wakati na mtendwa kwa pamoja. Mtoto anahitaji kukutana nayo mara nyingi sana kabla jicho halijazoea kuyachukua kwa vipande vikubwa. Akikatisha mazoezi hayo katikati, kabla hayajakaa, anaporomoka. Ndugu yake wa darasa la sita anayesoma gazeti la michezo kwa kasi hasahau chochote kwa mwezi mmoja. Anachokosa akikaa bure ni maneno mapya na hamu.

Kwa hiyo nyumba yenye watoto wawili inaweza kuhitaji likizo mbili tofauti. Wa darasa la pili anahitaji dakika kumi au kumi na tano kila siku, kwa sauti, na mtu kando yake. Wa darasa la sita anahitaji vitabu na kuachwa.

Nani achague kitabu?

Richard Allington na Anne McGill-Franzen walifanya jaribio ambalo hadi leo ndilo ninalolipenda kuliko yote katika eneo hili, kwa sababu ya urahisi wake. Waliwapa watoto wa shule 17 za Florida zenye wanafunzi wengi maskini vitabu 12 kila majira ya joto, kwa miaka mitatu mfululizo. Vilikuwa vyao, vya kubaki navyo. Watoto walivichagua wenyewe kwenye maonesho ya vitabu yaliyofanyika shuleni kabla ya kufunga. Hapakuwa na mwalimu wa likizo wala mtihani. Baada ya miaka mitatu watoto hao walisoma vizuri zaidi kuliko wenzao ambao hawakupewa, na waliofaidika zaidi walikuwa wale maskini kabisa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010.

Walichokichagua kiliwashtua baadhi ya watu wazima: vitabu vya wasanii wa muziki na vya wahusika wa televisheni vilikimbiliwa sana. Mzazi wa kwetu angetaka kuona kitabu cha sayansi au hadithi yenye mafunzo. Lakini mtazame mtoto wa kiume anayejua majina ya wachezaji wote wa Simba na Yanga, waliosajiliwa na walioachwa. Mpe ukurasa wa michezo wa gazeti la jana. Atausoma hadi maandishi madogo ya chini, kwa sababu anajua nusu ya habari tayari na anaitaka ile nusu nyingine. Maneno kama "amerefusha mkataba" na "benchi la ufundi" atayapata humo bila kufundishwa.

Sasa tazama kazi za likizo zinazotolewa na shule nyingi. Karatasi za kudurufu zilizobanwa kwa pini, kifungu cha habari nusu ukurasa, halafu: Jibu maswali yafuatayo. Juma alikwenda wapi? Alirudi saa ngapi? Mtoto mjanja anasoma swali kwanza, anatafuta neno "saa" ndani ya kifungu, ananakili namba iliyo karibu nalo, anasonga mbele. Kifungu hakijasomwa. Sikatai kwamba mazoezi hayo yana mahali pake, hasa kwa wanaojiandaa na mtihani wa taifa, ila kuyaita usomaji ni kujidanganya.

Hata hivyo jaribio la Florida lisitufanye tuamini kwamba kugawa vitabu kunatosha popote. James Kim, wa Chuo Kikuu cha Harvard, amefanya majaribio kadhaa ya kutuma vitabu majumbani, na moja alilolichapisha na Thomas White mwaka 2008 linafundisha sana. Watoto wa darasa la tatu hadi la tano waligawanywa makundi manne. Kundi moja halikupewa kitu wakati wa likizo. La pili lilitumiwa vitabu tu. La tatu lilitumiwa vitabu, na kabla ya kufunga shule walimu waliwafundisha kusoma kwa sauti na mtu wa nyumbani. La nne lilipata hayo yote pamoja na mbinu za kuelewa: kukisia kitakachotokea, kujiuliza maswali, kusimulia upya. Ni kundi la nne lililoonekana wazi kulipita lile la kwanza.

Vitabu vile vilikuwa vimelinganishwa na uwezo wa kila mtoto na yale anayoyapenda, si vya kubahatisha. Na bado vitabu peke yake havikutosha. Ukiyaweka majaribio haya mawili pamoja unapata picha inayoeleweka: mtoto apate kitabu anachokitaka, kisimzidi nguvu, na awepo mtu wa kukizungumza naye. Kimoja kati ya vitatu hivyo kikikosekana, matokeo yanakuwa ya bahati. Mwaka 2013 Kim na David Quinn walijumlisha tafiti 41 za programu za kusoma likizoni, za nyumbani na za madarasani, wakakuta kwamba zinasaidia, na kwamba watoto wa kipato cha chini ndio wanaonufaika zaidi.

Jinsi ya kujua kama kitabu kinamzidi mtoto haihitaji utaalamu. Walimu wengi hutumia vidole. Mtoto afungue ukurasa wa katikati, asome kwa sauti, na kila neno linalomshinda akunje kidole. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu hicho asomewe na mkubwa, asilazimishwe kukisoma peke yake. Vitabu vyetu vya picha vina maneno machache kwa ukurasa, kwa hiyo mimi ningesema vidole vitatu vinatosha kutoa onyo.

Kukizungumza nako ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Baba asiye na muda anaweza kuuliza swali moja wakati wa kula: huyo sungura angekuwa wewe, ungefanyaje? Bibi asiyejua kusoma anaweza kukaa asikilize, aseme "rudia hapo, sijasikia vizuri", na mtoto atarudia sentensi ile ile bila kuhisi anafanyishwa mazoezi. Nyumba nyingi zina mlezi asiyeweza kusoma, na walezi hao hujiondoa kwenye habari hii wakidhani haiwahusu. Wanahusika sana. Kazi yao ni kusikiliza na kutaka kujua kilichotokea baadaye.

Pesa, piza na nyota za dhahabu

Wazazi wengine huahidi: ukimaliza kitabu, elfu moja. Marekani ipo kampuni kubwa ya migahawa ya piza ambayo tangu miaka ya 1980 huwapa piza watoto wanaofikia lengo la kusoma. Uingereza, maktaba za umma zinaendesha shindano la likizo la kusoma vitabu tangu mwaka 1999, ambapo watoto hukusanya stika na kumalizia na cheti. Je, zawadi zinafaa?

Mwaka 1973 wanasaikolojia Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwatembelea watoto wa chekechea waliokuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe kama wangechora. Wengine walichora bila ahadi, kisha wakashtukizwa na cheti kile kile. Wengine hawakupewa chochote. Siku kadhaa baadaye kalamu ziliwekwa mezani bila neno. Walioahidiwa zawadi ndio waliozigusa kwa muda mfupi kuliko wote. Walioshtukizwa hawakupungukiwa na hamu.

Ninachokitoa humo ni hiki: kwa mtoto anayependa kusoma tayari, ahadi ya pesa inaweza kumharibia. Kwa yule asiyegusa kitabu kabisa, zawadi ndogo ya kumwanzisha haina ubaya, na zawadi bora ni kitabu kingine. Mzazi anayelipa kwa kila kitabu atagundua haraka kwamba mtoto anachagua vile vyembamba kuliko vyote, na katika hilo mtoto hana kosa.

Vitabu viko wapi?

Hapa ndipo mashauri mengi ya mtandaoni yanapowaacha watu wetu. Mwaka 2001 Susan Neuman na Donna Celano walichapisha utafiti wa mitaa minne ya Philadelphia, miwili ya watu wa kipato cha kati na miwili ya maskini. Walipita mtaa kwa mtaa, duka kwa duka, wakihesabu vitabu vya watoto vinavyouzwa, vibao vinavyosomeka, hali ya vitabu vya maktaba na saa ambazo maktaba iko wazi. Katika mitaa maskini vitabu vya watoto vilikuwa adimu madukani, na hata maktaba zilifunguliwa kwa saa chache. Hiyo ni Marekani, na ndani ya mji mmoja. Anayetembea kutoka Mwenge hadi Tegeta akihesabu vitabu vya hadithi vya watoto madukani atapata vingi vya kiada, madaftari mengi, na vya hadithi kidogo.

Vipo, ila lazima vitafutwe. Maktaba Kuu ya Taifa, pale Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, iko wazi kwa umma tangu Desemba 1967, na Bodi ya Huduma za Maktaba ina maktaba mikoani. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, umewezesha kuchapishwa kwa hadithi nyingi za Kiswahili. Ukizikuta kwenye duka la vitabu ni vyembamba, vyenye picha, na havimtishi mtoto. Nairobi, shirika la Book Bunk limekuwa likizifufua Maktaba ya McMillan katikati ya jiji na maktaba za Kaloleni na Makadara, mitaa ya watu wa kawaida upande wa Eastlands. Garissa ina maktaba inayobebwa na ngamia tangu mwaka 1996. Mwenye simu anaweza kufungua African Storybook, mkusanyiko wa bure ulioanza Afrika Kusini mwaka 2014, wenye hadithi za Kiswahili zilizopangwa kwa ngazi, kuanzia maneno machache hadi aya ndefu, na leseni yake inaruhusu kuzichapa. Familia za Wakongomani wanaozungumza Kiswahili huko Marekani zinaweza kuzichapa pia, watoto wakapata Kiswahili cha kusoma pembeni ya Kiingereza cha shule na cha maktaba ya mtaani.

Suala la lugha linawasumbua wazazi wa shule za Kiingereza. Wanaogopa kwamba hadithi ya Kiswahili likizoni itamrudisha mtoto nyuma. Sioni sababu ya hofu hiyo. Anayejifunza kukisia, kufuatilia mhusika na kugundua kwamba hakuelewa ukurasa uliopita, anajifunza hayo kwa urahisi zaidi katika lugha anayoielewa, na akishayajua atayatumia kokote. Mtoto asomee lugha ambayo hadithi yake anaitaka.

Na yapo yasiyonunuliwa. Desemba mabasi ya Moshi na Rombo hujaa watoto wanaopelekwa kwa mabibi na mababu. Mtoto wa darasa la nne anaweza kupewa daftari la kurasa 40 na kazi moja: aandike hadithi tatu atakazosimuliwa na bibi, kwa maneno ya bibi mwenyewe, halafu amsomee. Atakuwa ameandika kitabu ambacho maneno yake yote anayajua, na msikilizaji wake atamsahihisha kila anapokosea, maana hadithi ni yake.

Na tuisheni?

Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza masomo ya likizo, na kila likizo Wizara hulazimika kukumbusha. Tanzania kambi za madarasa ya mitihani ni jambo la kawaida. Naelewa kwa nini wazazi wanalipa: mtu anayerudi nyumbani saa mbili usiku anahitaji mtoto awe mahali salama mchana, na tuisheni inatimiza hilo hata kama haifundishi kitu. Lakini kama shida ni mtoto wa darasa la pili asiyesoma, darasa la watoto 40 wanaonakili ubaoni halitamfikia. Dada au kaka wa kidato cha pili aliyepo nyumbani, akikaa naye robo saa kwa siku na kitabu kimoja chembamba, atampa zamu nyingi za kusoma kwa sauti kuliko atakazozipata kwenye darasa hilo kwa wiki nzima.

Shule nazo zina la kufanya, na halina gharama. Makabati ya vitabu vya ziada yanayofungwa kwa kufuli siku ya kufunga shule yangeweza kufunguliwa siku hiyo hiyo, kila mtoto akaondoka na vitabu viwili alivyovichagua, majina yakaandikwa kwenye daftari. Vichache vitachanika, vingine havitarudi. Walimu wakuu huogopa ukaguzi, na hofu yao ina msingi, maana kitabu kilichopotea kinaulizwa na mkaguzi wakati kitabu kisichosomwa hakiulizwi na mtu. Kamati ya shule inaweza kuliondoa tatizo hilo kwa kukubaliana mapema, kwa maandishi, idadi ya vitabu vinavyoruhusiwa kuharibika kwa mwaka.

Wiki ya kwanza ya kufungua shule, badala ya jaribio, kila mtoto apewe dakika mbili kusimulia alichokisoma, kisha vitabu vibadilishwe. Watakaosema hawakusoma kitu waulizwe jambo moja: nyumbani kulikuwa na kitabu? Mwalimu aandike majibu hayo kwenye rejista, maana ndiyo yatakayomwonesha nani wa kuita kwanza kabati litakapofunguliwa kabla ya likizo ijayo.